Wacheke, Meno ni Yao

Miaka ya hamsini, nikiwa na watoto wawili, nilianguka kutoka kwenye dungu, kichanja kirefu cha miti, nikiwinga ndege wasile mazao shambani, kijijini kwetu karibu na Garsen. Mguu ukavunjika chini ya goti. Mfupa uliunga, lakini goti likawa gumu kama mchi.

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliniambia, "Likunje kila siku, utembee. Usipotembea, litabaki hivyo mpaka kaburini."

Nilitembea siku tatu. Liliuma, na dresa hakuwapo kuniona. Nikaacha.

Mume wangu akaja na lake. "Ukifika kivukoni na kurudi siku saba mfululizo, nakununulia leso." Nilifika, na leso ikaja, nyekundu, nzuri. Nikajifunga, nikakaa. Kesho yake sikutoka. Leso nilikuwa nayo tayari.

Kisha siku moja, nikiwa ndani, nilimsikia mamamkwe akizungumza na jirani jikoni.

"Huyu ameshakuwa wa kukaa. Mwanangu atafute mwingine wa kulima. Huyu atatusukia mikeka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayezungumzia chungu kilichopasuka, na hilo ndilo lililonichoma.

Asubuhi nikachukua fimbo, nikatoka kabla ya chai.

"Unakwenda wapi, mwanangu, na mguu huo?" mamamkwe akaniuliza.

"Kutembea, mama."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kokote."

"Watu watakucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Na walicheka kweli. Mwanamke mzima anakwenda na kurudi, hana ndoo, hana kuni! Mzee mmoja Muorma aliyekuwa akinywesha ng'ombe alinisimamisha.

"Mama, wewe natafuta nini? Mbuzi napotea?"

"Natafuta goti langu."

Akainama kutazama chini, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Tangu hapo kila asubuhi aliniuliza, "Goti napatikana?" nami nikamjibu, "Bado nusu."

Hasira ilinitembeza mwezi mzima. Kisha mamamkwe akashikwa na homa kali. Nikamlisha uji, nikamkanda kwa maji, na siku alipoweza kuketi mwenyewe nikajikuta sina hasira naye tena. Niliogopa. Amri ya dresa ilikwisha nguvu, leso ikakwisha nguvu, sasa na hasira imekwenda. Nini kitanitoa kitandani?

Asubuhi iliyofuata nililala macho wazi, nikingoja sababu. Haikuja. Nikaondoka bila sababu. Njiani ndipo nilipotambua kwamba kutwa nzima nilikuwa wa watoto, wa mume, wa moto na maji, ila mwendo ule haukuwa wa mtu mwingine.

Mamamkwe alipopata nafuu akaniambia, "Basi, umepona. Acha kuzurura."

"Sitaacha, mama."

"Hata nikikukataza?"

"Hata ukinikataza."

Mume wangu alikuwa akinywa chai. Akajimiminia kikombe cha pili.

Msimu wa kulima nilirudi shambani. Goti halikukunjika lote, na mpaka leo halikunjiki. Nililima mguu mmoja nimeunyoosha pembeni, na wanawake wenzangu wakanicheka tena. Kisha mamamkwe akachukua jembe lake, akaanza kulima ubavuni mwangu.