Bonde la Shija

Kwa nini baba alimpa Shija bonde nililoliteka vitani kwa haki? Juzi, karibu na stesheni ya Tabora, niliwaona watoto wawili wakichora nchi vumbini kwa kijiti huku wakigombania mpaka, na swali hilo likanirudisha Goweko, nyuma ya bani letu la kukaushia tumbaku, ambako moshi ulinukia kama asali iliyoungua.

Mimi na binamu yangu Shija tulikuwa tumechora vumbini falme mbili, wafalme na watu wake wakiwa kokoto, na bonde katikati. Mfalme wangu alikuwa ameshinda.

"Wako kakimbia," nilimwambia. "Aliyekimbia hana nchi!"

"Kakimbia jua tu, we muongo. Jioni anarudi."

Baba alitokea, akitoka mkutanoni. Tulimwamkia, akaitikia marahaba ya mbali, kisha akachuchumaa kati yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Na waliokuwa wakilima hilo bonde?"

"Nimewahamisha, baba. Wote."

"Watarudi kuvuna, lakini?"

"Hakuna kurudi," nilisema kwa fahari. "Mfalme kakataa."

Aliitazama michoro yetu kwa muda mrefu, huku majani ya mahindi mabichi yakisuguana kwa upepo nyuma yake. Kisha akasema bonde ni la Shija, akaondoka. Nililia. Niliamini baba alimpendelea Shija kwa sababu Shija alikuwa yatima.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu mama aliponiambia kwamba mkutanoni siku ile baba aliwaomba viongozi tuvune kwanza ndipo tuhamie kijiji kipya cha ujamaa, nao wakamkatalia.