Nusu ya Maamkizi

Nakumbuka asubuhi moja ya Idd, huko Mambrui, miaka ya themanini, Athumani wangu ana miaka sita. Mwanangu, weka kikombe chini unisikilize, maana nimekusikia ukisema wageni wakija Ijumaa utamfungia mtoto wako chumbani.

Athumani hakuwa akimtazama mtu usoni, na kelele zikimzidi huziba masikio. Siku hizi hali hiyo, kama ya mtoto wako, ina jina, usonji. Sisi hatukuwa nalo, tukisema tu mtoto yu kivyake. Lililonitesa hasa ni maamkizi. Wenzake wakimwona mtu mzima humbusu mkono wakasema shikamoo. Yeye husema, "Marahaba." Ndilo neno alilowasikia watu wazima wakilisema, basi akiwapa lao. Watu wakaona ni ufidhuli, na kwamba mimi sikumfunza.

Idd ile akaingia ami wa mume wangu, na kanzu yake mpya. Athumani akamwambia marahaba. Ami akaurudisha mkono, akasema mtoto huyu asitolewe mbele za watu mpaka apate adabu. Nikainuka nimpeleke ndani.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuwa akipakua tambi. Hakuwa mpole mama yule, hata paka wa jirani wakimwogopa. Akaweka upawa, akamwendea mtoto, akainama na mgongo wake mbovu.

"Shikamoo, Athumani."

"Marahaba," akajibu mtoto, akatabasamu.

Mkongwe kumwamkia mjukuu, hayo hatukuwahi kuyaona. Akamgeukia ami.

"Nusu ya maamkizi anayo. Nusu iliyobaki tutamshikia sisi."

Akarudi kwenye tambi zake. Ami alikula, na alipoaga akamwambia mtoto shikamoo. Kwa sauti ndogo, lakini alimwambia.

Basi mwanangu, usimfungie. Mkalishe na wageni, pembeni pasipo na kelele, na uwaambie mapema namna anavyoamkia. Atakayekasirika, mkasirikie yeye, si mtoto. Usingoje awe kama wengine ndipo umpende mbele za watu.

Athumani sasa ana mvi. Kila asubuhi hufungua mlango wangu akasema, "Marahaba, mama." Nami na uzee wangu huu humwambia shikamoo, mwanangu, na siku yangu ndiyo imeanza. Mungu akujaalie nawe uamkiwe hivyo na wako, miaka na miaka.