Nywele Nilizojikata kwa Ajili ya Sendofu ya Dada

Mafuta ya alizeti yakiungua kwenye nywele yana harufu yake. Ni nzito, ina utamu kidogo, na chini ya utamu huo kuna ukali wa nywele zenyewe zikilalamika. Nikiisikia popote, hata kwenye saluni ya watu nisiowajua, natafuta pa kutokea. Iliniingia puani mwaka ule niliokaa nyumbani Kinampanda baada ya kufeli darasa la saba. Najua watu wengi hupenda kuusimulia utoto wao kana kwamba ulikuwa chupa ya asali. Wangu ulikuwa na watu ndani yake, na watu hao walikuwa na meno.

Shuleni tulikuwa tunanyolewa wote, wasichana kwa wavulana, na mwalimu wa zamu alipitisha kiganja kichwani mwako kuhakikisha hujafuga kitu. Matokeo yalipotoka, wenzangu waliochaguliwa walinyolewa upya, wakashonewa sketi za sekondari, wakaenda zao. Mimi nikabaki na jembe, ndoo na nywele. Hakuna aliyejali tena kuninyoa. Zikaota tangu masika mpaka mavuno, nyeusi na nzito, nami nikazipenda kwa namna ya mtu asiye na kingine cha kujivunia. Wageni wakija, mama alinitambulisha akisema, "Na huyu ndiye aliyebaki," kwa sauti ile ile ya mtu anayerudisha mbuzi kutoka mnadani bila kupata mteja. Nilikuwa nawaamkia shikamoo huku nimeinamisha kichwa, na ndani kwa ndani najifariji kwamba angalau nina nywele.

Mwaka huo huo, alizeti ikiwa imeshavunwa, dada yangu Neema alipangiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Neema alikuwa anauza kwenye duka la vipodozi Singida mjini na alikuwa amechumbiwa na mwalimu, mtoto wa walimu. Alikuja nyumbani na magauni ya zambarau ya wapambe, yaani binamu zetu watatu pamoja na mimi, na akatangaza kwamba wapambe wote watakuwa na nywele za kushuka kwenye paji la uso kama zake. Zake zilikuwa za kubandika, zimekatwa sawasawa juu ya nyusi, na sisi tuliziita pazia. Msusi angetoka Kiomboi kuwatengeneza binamu. Mimi aliniambia, "Wewe jitengeneze mwenyewe, nywele zako zitamchosha bure." Wala sikuudhika. Nilikuwa nimehesabiwa. Kijiji kizima kingeniona nimesimama kwenye mstari ule, na mshereheshaji angetamka jina langu kwenye spika, mdogo wake bibi harusi, badala ya yule aliyebaki. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Asubuhi ya sherehe niliiba nafasi ndani ya chumba cha mama. Nilikuwa nimeazima chanuo la chuma la Neema, nikalilaza kwenye makaa mpaka likaanza kutoa joto la kuunguza kope. Nilijipaka mafuta ya alizeti kichwani kwa sababu ndiyo mafuta tuliyokuwa nayo, nikavuta chanuo kutoka kwenye utosi kuja mbele. Nywele zikalia, moshi ukapanda, na sikio langu la kushoto likapata alama ambayo ninayo hadi leo. Lakini zilinyooka! Zilishuka mbele ya macho mpaka kwenye pua, laini, zinang'aa. Nikachukua mkasi wa mama wa kukatia vitambaa, nikasimama mbele ya kipande cha kioo kilichobandikwa dirishani, nikakata usawa wa nyusi. Mkono ulitulia kuliko nilivyotarajia. Nikamwona ndani ya kioo msichana wa mjini, nikamtabasamia, naye akanitabasamia.

Halafu mama akaagiza maji. Watu walikuwa wengi, mapipa yalikuwa yanaisha, na mimi ndiye niliyekuwa mchota maji wa nyumba ile. Nilikwenda kisimani na ndoo kama kila siku. Msichana aliyekua akiwa na nywele angejua kwamba zilizonyooshwa kwa moto hazitaki maji, na kwamba ukizipima zikiwa zimevutwa unajidanganya. Mimi nilikuwa nimeishi na kipara tangu darasa la kwanza. Ningejulia wapi? Ndoo ikatikisika njiani, maji yakanimwagikia usoni, yakawa yanachuruzika kila hatua, na jasho likasaidia kumalizia. Nilihisi kitu kinatembea kwenye paji la uso, kinajikunja, kinapanda. Nilipotua ndoo na kukimbilia kioo, pazia lilikuwa limerudi juu kabisa, limesimama wima kama brashi ya viatu.

Neema aliniona mlangoni. Kwanza alicheka, na binamu waliokuwa wakisukwa wakacheka naye, na msusi akaacha kusuka ili acheke vizuri. Kisha kicheko kikamkauka. "Umefeli shule, umefeli na nywele," akasema. "Kuna kitu chochote unachokiweza wewe?" Nilimwambia nitafunga kitambaa. Akakataa. Nilimwambia basi aninyoe zote, wembe upo, itachukua muda mfupi tu. "Nani anataka kipara kwenye picha zake?" akasema. "Wakwe zangu ni walimu. Wakiuliza huyu ni nani, niwaambie nini?" Nikamgeukia mama. Alikuwa amesimama pale pale na mwiko mkononi, amesikia kila neno. Akasema, "Mpishe dada yako, siku ni yake."

Wakanivua gauni mbele ya wote. Akavalishwa Tumaini, mtoto wa jirani, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye alikuwa amekuja likizo kutoka sekondari. Mimi nikapelekwa nyuma ya nyumba kusugua masufuria, na nikaonywa nisitokeze uso mpaka wageni waondoke. Kutoka kule nilisikia muziki, nikasikia wapambe wakiingia wakicheza, nikasikia mshereheshaji akitangaza kwamba huyu hapa ni mdogo wake bibi harusi, yuko kidato cha kwanza, mpigieni makofi! Vigelegele vikapanda. Kimojawapo kilikuwa cha mama. Ninakijua kigelegele chake hata katikati ya mia. Nililia juu ya masizi mpaka uso ukawa mweusi, na niliwachukia wote, lakini zaidi nilizichukia nywele zangu. Usiku huo nilizinyoa mwenyewe. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kama ningekata kwa uangalifu zaidi, au ningekwenda kisimani polepole, ningesimama kwenye mstari ule.

Mwaka jana nilimtembelea Neema kwake Singida mjini. Binti yake, Glori, alijifungia bafuni na mkasi na simu yenye video ya kumwelekeza, akajikata nywele za mbele, upande mmoja ukapanda kuliko mwingine. Alipotoka akilia, Neema alimcheka kidogo, akamkumbatia, akampigia simu msusi, na kabla ya jioni mtoto alikuwa na nywele mpya za kubandika. Nilimfurahia mtoto, na nikaumia papo hapo. Kisha dada, ili kumchangamsha, akasimulia kisa changu. Alikisimulia vizuri, na ndoo yake, na brashi yake, mpaka akafika mwisho. "Mama yako mdogo akaona aibu, akajificha nyuma ya nyumba. Tukambembeleza weee, akagoma. Ikabidi tumvalishe mwingine." Aliyasema hayo bila kupepesa macho, na nadhani anayaamini.

Glori akanigeukia. "Huyo mwingine nywele zake zilikuwa nzuri, mama mdogo?"

Nilifungua kinywa kumjibu, na hapo ndipo nilipomwona Tumaini akilini kwa mara ya kwanza tangu siku ile, ndani ya gauni langu, ametabasamu. Nikamwambia mtoto kwamba hakuwa na nywele kabisa. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, amenyolewa kipara.

"Sasa mama," Glori akasema, "si ungemnyoa tu mama mdogo?"

Neema akaangalia ndani ya kikombe chake, akasema chai inapoa. Siku hizi mtoto akiharibu nywele ananunuliwa nyingine, na hilo ni jambo jema, sina wivu nalo. Zangu hazikuwa na kosa lolote. Dada yangu alikuwa anatafuta sababu ya kumficha mdogo wake aliyefeli, nami nikamletea. Nilimaliza chai, nikaaga. Mlangoni akanishika mkono, akaniambia nisipotee, nije tena mwezi ujao. Nikamwambia nitakuja. Sijaenda.