Dirisha la Kupitia

Shangazi alichora ramani ya nyumba yake kwa chaki, kwenye karatasi ya kaki ya kukatia nguo, na fundi wa ujenzi alipoiona aliigeuzageuza kana kwamba anatafuta pa kuingiza mikono. Maisha yake yote Shangazi ameshona magauni katika vyumba vya kupanga, ambako hata msumari wa kutundikia kioo uliombewa ruhusa. Uzeeni akaamua kujenga nyumba ya magogo huku milimani, apigilie misumari popote roho itakapopenda.

Ramani yenyewe haikuwa mbaya. Msingi wa mawe ili magogo yasilalie unyevu, paa la mteremko mkali ili mvua isipate pa kukaa, na magogo mazima yaliyolazwa moja juu ya jingine, yamechongwa kwenye pembe ili yaumane. Mlango mmoja tu, maana nyumba ya milango miwili, anasema, hufuga wambea. Vyumba viwili: kimoja chake, kingine cha dada yake, chenye dirisha pana la kupokea jua la asubuhi.

Balaa ni huyo dada, Shangazi Mkubwa. Hakuombwa ushauri, na kwake kutoombwa ushauri ni tusi. Alisema nyumba ya magogo ni banda la mbuzi lenye majivuno, akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatapita mlango wake akiwa hai. Tangu hapo hawakusemezana. Shangazi alijitia hajali, lakini kitanda cha dada yake alikitandika na kukibadilishia shuka kila wiki. Mimi ndiye niliyezifua hizo shuka ambazo hakuna aliyezilalia, na zilinitia uchungu.

Wakati wa kujenga, fundi aliacha nafasi ya upana wa kiganja juu ya kila fremu ya mlango na dirisha, akaijaza sufi na kuifunika kwa ubao. Alieleza kwamba magogo yakikauka hunywea, ukuta wote ukashuka, na pasipo nafasi ile fremu itabanwa. Shangazi aliitikia kwa adabu zote. Fundi alipotoka tu, akabandua ubao wa mlangoni. Mtu aliyeshona magauni ya maharusi hawezi kuvumilia mshono ulioachwa wazi. Sufi akaitia kwenye mto, na pale palipobaki wazi akapigilia kabari za mti mgumu mpaka pakajaa. Madirisha yalinusurika kwa sababu mgongo ulimgomea. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ukuta ukashuka taratibu, kama mtu mnene anayekaa kitini. Mlango ukaanza kulia, Shangazi akaupaka sabuni.

Mimi nami nikamshawishi Shangazi Mkubwa aje aione nyumba kwa mbali, angalau apate ubaya wa kuisema. Kwa hilo alikubali haraka. Tulipofika uani, Shangazi akatuona kupitia kioo cha dirisha, akakimbilia mlango. Haukufunguka. Aliuvuta, akaupiga teke, akautukania mama yake. Sisi nje tulisikia komeo tu likigongagonga.

"Umenileta nije nifungiwe mlango?" Shangazi Mkubwa aliniuliza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na miguu ilikwisha kushika njia ya kurudi.

Dirisha la chumba alichotengewa likafunguka.

"Dada, mlango umekwama," Shangazi alisema. "Nimeuharibu mwenyewe. Usiondoke."

Shangazi kukiri kosa! Shangazi Mkubwa alirudi polepole, akautazama mlango, akalitazama dirisha.

"Mimi niliapia mlango," alisema. "Dirisha sikulitaja. Nishike mkono."

Mimi nilisukuma, Shangazi akavuta. Kwa kitambo, nusu ya Shangazi Mkubwa ilikuwa ndani ikikosoa mapazia, nusu ilikuwa nje ikinipiga mateke. Kisha akaangukia kitandani kwake, na wote wawili wakalia bila haya.

Fundi alipokuja na patasi kuzing'oa zile kabari, Shangazi alisimama mbele ya mlango.

"Usiuguse. Huu ukifunguka, dada yangu atakumbuka kiapo chake."

Basi fundi akakata magogo ya chini ya dirisha mpaka sakafuni, akatia bawaba, kizingiti na kitasa. Wote tunapita hapo mpaka leo, na mgeni atakayeliita mlango hapewi chai.