Mstari wa Pampu ya Pili

Ofisini walimwita Bi Masjala, ingawa masjala yenyewe ilikwisha kufungwa miaka tisa nyuma na kugeuzwa stoo ya viti vibovu. Jina lilimganda. Aliingia ofisi ile ya maji akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, kazi yake kupanga majalada na kugonga mihuri. Kompyuta zilipokuja, wenzake wakazikwepa kama deni, yeye akavuta kiti akakaa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, na kazi ilikuwa ileile katika sura nyingine: kuhakikisha kila mashine, kuanzia matangi hadi vituo vya pampu, inaandika inachofanya, na maandishi hayo yanafika kwenye seva, kompyuta moja ya kuhifadhia iliyokuwa katika chumba chake cha kazi.

Watu wengi hawajui kuwa mashine huandika. Huandika kutwa kucha, na nyingi ya habari zake ni upuuzi: nimeamka, nipo, bado nipo. Haijui lipi la kutunza. Lazima mtu aiambie, kwa faili la mipangilio lenye mistari mifupi: hiki hifadhi, hiki peleka kwa meneja, hiki tupa. Mtu huyo alikuwa Bi Masjala, na nisiwafiche, kazi hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo. Ukimpelekea malalamiko, hata uwe unalia, atakwambia, "Ngoja kwanza tuone kilichoandikwa."

Jumatano moja alikuwa akiandaa seva mpya, maana ya zamani ilishaanza kukohoa. Mwingine angelinakili lile faili zima kwa mkupuo akaenda zake kunywa chai. Yeye alilihamisha mstari mmoja mmoja, akisoma kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akifungua jalada jipya enzi zake. Alitaka amalize kabla ya saa nane mchana, kwa sababu saa nane kulikuwa na kikao cha kumwachisha kazi Taratibu.

Taratibu ndiye aliyekuwa msimamizi wa pampu ya pili, na jina hilo alipewa kwa mwendo wake. Wiki mbili nyuma pampu hiyo iliungua, nusu ya mji ikarudi kwenye ndoo. Yeye aliapa kuwa tangu asubuhi ya siku ile alibonyeza kitufe cha taarifa mara nne, kwamba pampu inachemka, na hakuna aliyemjibu. Meneja akamtaka Bi Masjala aangalie. Akaangalia. Hakukuta hata neno. Akachapisha karatasi mbili, akatia sahihi, na moyoni akajisemea kuwa njia ya mwongo ni fupi. Taratibu akasimamishwa kazi kwa madai kwamba alilala zamu.

Alipofika mstari wa arobaini na moja, akaurudia kuusoma. Mstari ulisema kwamba chochote kitakachotoka pampu ya pili kitupwe. Juu yake palikuwa na maelezo, kwa maneno yake mwenyewe: "Kelele tupu. Ni kwa muda, nitauondoa."

Akakumbuka yote. Miezi mitano nyuma waya mmoja ulilegea kule kituoni, kompyuta ya pampu ikawa inatuma onyo lilelile kila sekunde, hadi diski ikajaa na seva nzima ikasimama. Mwenye kelele hana neno, alisema siku ile, akaifunga mdomo. Fundi umeme alikaza waya wiki iliyofuata. Mstari haukuondolewa. Na wiki mbili zilizopita, alipotafuta maonyo ya siku ya ajali, hakujiuliza mbona hata zile "bado nipo" za pampu ya pili hazikuwemo.

Hakutaka kuamini. Akampigia aliyeshika nafasi ya Taratibu kule kituoni.

"Kaka, hebu nibonyezee kitufe cha taarifa."

"Tayari, mama."

Kwenye kioo, kimya. Akaufuta ule mstari, akaiwasha upya huduma ya kumbukumbu, akasubiri.

"Bonyeza tena."

Taarifa ikatokea, na saa yake, na jina la kituo. Bi Masjala akaweka simu chini bila kuaga. Alihisi aibu hadi masikio yakawaka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na yeye nguo yenyewe aliifua na kuipiga pasi.

Sasa sikilizeni. Faili lile hakulisoma mtu mwingine pale ofisini. Mstari umeshafutika. Seva ya zamani ingetupwa Ijumaa. Ilibaki miaka miwili tu astaafu. Alikaa akiyapima hayo yote, na siwezi kuapa kuwa mizani haikulala upande mbaya hata kidogo. Kisha akaurudisha mstari kama ulivyokuwa, akauchapisha, akaupeleka kikaoni.

"Mama, huu ndio ushahidi kwamba alibonyeza?" meneja aliuliza. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza.

"Hapana. Ushahidi haupo tena. Huu ni ushahidi kwamba mimi niliutupa."

Meneja alisoma, akasoma tena. Kabla ya saa tisa Taratibu alikuwa amerudishwa kazini, na Bi Masjala alikuwa na barua ya onyo, ya kwanza katika miaka thelathini na mitano.

Taratibu alimkuta kwenye korido. Hakumshukuru, wala hakumtukana.

"Dada, huku umeshasema," alisema. "Twende ukaseme na nyumbani."

Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya kituo. Mkewe alikuwa barazani akikunja nguo, na kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na sahani moja iliyofunikwa.

"Karibu, wifi. Kaa."

"Nitasema nikiwa nimesimama," alisema Bi Masjala. Akasema. Hakutia chumvi, hakujitetea kwa waya wala kwa diski.

Mkewe Taratibu aliweka chini shati alilokuwa nalo. "Kwa hiyo alibonyeza."

"Mara nne. Mimi ndiye niliyeziba."

"Waliniambia kompyuta haina ugomvi na mtu, haiwezi kumsingizia." Akatazama ile sahani. Wiki mbili mumewe alikuwa akila hapo nje, peke yake. Akainuka, akaichukua. "Ingia ndani ule, baba watoto," alisema, bila kumtazama usoni.

Taratibu hakusogea.

"Mashine niliiambia mara nne," alisema polepole. "Wewe nilikwambia mara ngapi?"

Mkewe alisimama mlangoni na sahani mkononi.

"Kila siku," alisema.