Mlinzi wa Jenereta

Umeme ulikatika asubuhi, nepi zikiwa zimelowekwa. Mama Macho alifungua bomba, likakohoa, likanyamaza. Kisima kilikuwa hapo hapo uani na maji tele, lakini bila umeme pampu haivuti.

Jina hilo alipachikwa na majirani, maana kuku wa mtu hakupita uani kwake asionekane. Na tangu binti yake arudi kutoka kujifungua, macho yenyewe hayakupumzika kabisa.

"Washa jenereta," alimwambia mumewe.

"Ngoja niitoe nje."

"Nje wapi? Kwa jirani wameiba mpaka kamba ya kuanikia! Iwashie humo humo stoo, dirisha nimeshafungua."

Mzee alimjua mkewe: akishaota mwizi, hata chungu cha mboga atakitia kufuli. Akavuta kamba, mashine ikanguruma, pampu ikaanza kuvuta. Stoo ilipakana na chumba alimolala binti na kichanga chake, na ukuta wa katikati haukufika darini.

Maji yalikuja, ila moyo wa Mama Macho haukukaa. Alifua nepi mbili, akainuka kutazama tangi. Akafua moja, akaenda kujaribu kufuli la geti. Aliporudi akasimama, mikono inachuruzika povu.

"Baba, huyu mtoto mbona hajalia kudai ziwa?"

"Akilia una wasiwasi, akinyamaza una wasiwasi. Unataka aimbe?"

Mama Macho akacheka, akainamia beseni. Lakini kicheko hakikufika mbali. Binti alitokea mlangoni, ameshika kizingiti.

"Mama, kichwa kinanigonga. Tena nataka kutapika."

Ulimi ulikuwa tayari kusema ni uchovu wa uzazi, karudi ulale mwanangu. Ila binti alipomsogelea, nguo zake zilinuka moshi wa petroli. Mama Macho akatazama mlango wa stoo, akatazama mlango wa chumba, miguu ikaondoka kabla yake.

"Zima! Zima hiyo mashine!"

Kichanga alikuwa amelegea kama kitambaa kibichi. Alimkimbiza nje kwenye upepo, akamsugua nyayo, akampuliza usoni.

"Amka, mume wangu. Unaniachaje mke mbichi hivi? Amka!"

Mtoto akakunja uso. Akapiga chafya. Kisha akalia, kilio chembamba, kikanenepa mpaka jirani akachungulia.

"Lia, mume wangu, lia! Leo hakuna wa kukunyamazisha!"

Zahanati waliwawekea mama na mwana hewa ya mtungi mpaka wakachangamka. Muuguzi hakugomba, alisema tu kwamba moshi wa jenereta huua mtu usingizini, na dirisha moja halitoshi. Mama Macho aliitikia ameinamisha kichwa. Mwizi wa kuogopwa, yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia ndani.

Kesho yake umeme ukakatika tena. Mzee aliikokota jenereta mpaka ng'ambo ya kisima, mbali na kila dirisha, akaifunga kwa mnyororo. Mkewe akaweka kigoda kando yake.

"Sasa ndiyo umekuwa askari?"

"Wee nenda zako. Mwizi akija atanikuta."

Lakini kwa ngurumo ile, kilio cha mtoto kisingesikika. Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Safari hii akaondoka kabisa. Katikati ya uwanja aligeuka kuitazama mashine, halafu akalitazama geti.

"Na waibebe," akasema, akaongeza mwendo kuingia ndani.