Mtani Wangu na Tezi Zangu za Shingoni

Nilikuwa na tezi tatu shingoni, kubwa kama ndulele, na bado nilicheka. Nilikuwa nimemeza dawa za kifua kikuu miezi sita bila nafuu, nimepimwa Ukimwi mara nne na kukutwa sina, na mtaa wetu wa Ujiji ulishanizika kwa minong'ono. Sasa daktari wa Kigoma mjini, akiwa na majibu ya damu kutoka Dar es Salaam, ananiambia nina ugonjwa aliousoma vitabuni tu!

"Kinga yako inajipiga yenyewe," alisema. "Mwili unatengeneza askari wanaowakamata wajumbe wa kinga njiani. Ndiyo maana kidudu cha udongoni na majini, ambacho wengine hawakihisi, kwako kimejenga nyumba."

Niliishia darasa la tano, lakini nilimuuliza maswali mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Wajumbe wanabeba nini? Hao askari nani kawatuma? Daktari alicheka, kisha akaacha. Dawa aina tatu, kila siku, zaidi ya mwaka. Nikikatisha, kidudu kitazizoea, naye hatakuwa na nyingine ya kunipa.

Zaidi ya mwaka! Kabla ya kuugua sikuwahi kumaliza miezi minne mahali pamoja. Nimechuma kahawa Kalinzi, nimeanika dagaa Ilagala, nimebeba magunia bandarini. Wiki ya tisa, tumbo limechafuka kwa dawa, nikafunga begi.

Mlangoni nikakutana na jirani yangu, mama muuza mawese. Makabila yetu yanataniana, na mtani ana haki ya kubeba kitu cha marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, maiti. Safari ya wapi?"

"Mpanda."

"Kafie huko. Ila haki yangu nachukua leo, nani atanisafirishia?"

Akanyakua begi, akaingia nalo kwake. Kwenye utani hakuna kununa. Nilibaki na msuli na kandambili, nikicheka mpaka nikakaa chini.

Nguo alinipa moja moja, kila asubuhi, baada ya kuniona nimemeza, na jioni akairudisha begini. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, shati lako hilo, marehemu."

Mwezi wa kumi na tano daktari alinipapasa shingo, akapapasa tena. Hakuna kitu. Alinionya kwamba wale askari bado wapo, na nitapimwa maisha yangu yote. Nilisikia nusu tu, nikakimbilia Ujiji, nikauweka mkono wa mtani wangu shingoni. Alipapasa pande zote mbili, polepole, vidole vikiteleza kwa mawese.

"Mshenzi wewe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Koti lako nilishamwahidi mume wangu."